Mbegu Mbili za Kishona Nguo

Msomaji aliyewahi kukata njia katikati ya mashamba ya Kivu wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa sana mmea tunaotaka kuuzungumza. Yeye mwenyewe amekwisha kuuleta nyumbani bila kuualika. Afikapo mlangoni huona pindo la kikwembe chake, au miguu ya suruali yake, imejaa vijiti vyeusi vyembamba vilivyouma nguo kwa meno. Basi huketi, huving'oa kimoja kimoja, huvitupa uani na kuvisahau. Amekwisha kupanda shamba, wala hajui.

Kwa Kiswahili sanifu mmea huo huitwa kishona nguo. Wengine husema kichoma mguu. Ng'ambo ya ziwa, katika Rwanda, jina lake ni inyabarasanya. Waganda huuita ssere, na Wakikuyu wa Kenya muceege. Mwanafunzi aliyepata kuonja Kilatini atafahamu upesi jina lake la kitaalamu, Bidens pilosa, ambalo Mswidi Carl Linnaeus aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 1753: bi ni mbili, dens ni jino, na pilosa maana yake ni mwenye nywele. Kusema kweli, mara nyingi mbegu huwa na meno matatu, lakini tusimgombeze marehemu kwa ajili ya jino moja.

Kwao si hapa. Ulizaliwa katika nchi za joto za Amerika, na leo umeenea Afrika, Asia na hata visiwa vya Bahari ya Pasifiki, ukisafiri katika magunia ya mbegu, katika manyoya ya wanyama na katika nguo za watu. Kichwa cha ua lake ni cha manjano katikati, na pembeni huwa na petali chache nyeupe, au pengine hazipo kabisa. Tusidhani kwamba ni ua moja. Ni maua madogo makumi kadhaa yaliyokusanyika katika kikapu kimoja, kama yalivyo ya alizeti, ambayo ni ndugu yake, na kila ua dogo huzaa mbegu yake moja.

Katikati ya Septemba ya mwaka 2018 tulitoka Bukavu asubuhi mapema, pamoja na mwalimu mmoja wa elimu ya viumbe na wanafunzi wake wanane. Sababu ya safari ilikuwa swali la darasani. Mmoja wa wanafunzi alikuwa ameuliza hivi: mama yangu hupalilia kila mwaka, na mama yake alipalilia kila mwaka, mbona magugu hayaishi? Mwalimu hakutaka kumjibu kwa chaki. Alituomba tufuatane naye hata Katana, nasi tulikubali kwa furaha, maana ni nani asiyependa njia ile?

Mtu atokaye Bukavu kwenda kaskazini huwa na ziwa upande wa kuume na milima upande wa kushoto. Ziwa Kivu liko juu sana, kiasi cha meta 1,460 kupita bahari, kwa hiyo asubuhi kuna baridi, na ukungu hukaa juu ya maji mpaka jua lipate nguvu. Kisiwa cha Idjwi huonekana kama mgongo wa mnyama aliyelala. Upande wa pili unasimama Kahuzi, wenye meta 3,308, na kichwa chake mara nyingi kimefunikwa na wingu. Tulipita Mudaka penye soko, tukapita Miti na Kavumu, tukaacha njia ya kwenda Lwiro, mahali ambapo Wabelgiji walijenga nyumba kubwa za utafiti baada ya mwaka 1947. Tangu Juni hata Agosti nchi hii hukauka. Septemba mvua hurudi, na hapo vijiji hubaki na wazee, mbuzi na watoto wadogo tu, kwani wenye nguvu wote wako shambani. Udongo wake ni mwekundu, umetokana na mawe ya volkano za kale, na ukiloa hushika viatu kwa upendo usiotakiwa.

Kwenye mteremko mmoja karibu na Katana tulimkuta mama akipanda maharagi, amevaa kikwembe kilichokunjwa hata magotini. Mwalimu alivua kofia.

"Jambo, mama."

"Jambo, baba. Karibuni. Mnatafuta nini katika shamba la maskini?"

"Tunatafuta majani, mama."

Mama alicheka mpaka akaegemea jembe lake. "Majani! Basi Mungu amewaleta. Yachukueni yote, msiniachie hata moja."

Alikuwa mjane, mwenye watoto wanne. Shamba lenyewe, lililokuwa kiasi cha robo ya hekta, halikuwa lake. Katika nchi ya Bushi mtu aliyepewa kalinzi hukaa juu ya ardhi yake na kuwarithisha wanawe. Asiye na kalinzi huomba shamba kwa bwasa: hulima msimu mmoja au miwili, hulipa fedha au siku za kazi, kisha hurudisha. Mama huyu alikuwa amepata bwasa ya msimu mmoja, tangu kupanda kwa Septemba mpaka maharagi yavunwe. Tunawaomba wasomaji waweke neno hili akilini, maana tutalirudia.

Mwalimu alimwomba ruhusa, akawapeleka wanafunzi mahali patatu katika shamba lile lile. Kwanza, sehemu ya juu, iliyokuwa imelimwa majuma mawili yaliyopita. Hapo vichipukizi vya kishona nguo vilijaa kama nywele za kichwa cha mtoto, kila kimoja na majani mawili ya kwanza membamba na marefu. Pili, chini ya migomba, ambapo majani makavu ya ndizi yalikuwa yametandazwa juu ya udongo. Hapo tulitafuta sana, tukapata vichipukizi vichache tu. Tatu, ukingo wa shamba, ambapo mimea ya msimu uliopita ilikuwa bado imesimama, mikavu, na vichwa vyake vimefunguka kama nyota nyeusi. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile, na mbegu bila shaka zilikuwa zimeanguka mahali pote patatu.

"Basi kwa nini pale ni wengi na hapa ni wachache?" mwalimu aliuliza. Wanafunzi walitaja mbolea, wakataja joto, mmoja akasema labda migomba ina sumu. Mwalimu hakusema ndiyo wala siyo. Aliwapa visu wafuate mizizi ya vichipukizi, wapime vilikotoka. Karibu vyote vilitoka juu juu tu, si chini kupita upana wa vidole viwili. Ndipo akaanza kuwaeleza.

Jambo hili lilichunguzwa Nairobi. Mwaka 1980 mtaalamu Michael Fenner alichapisha habari za majaribio aliyofanya na mbegu za mmea huu huu. Nuru ya jua, kama mjuavyo mlioona upinde wa mvua, ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Jani bichi hula nuru nyekundu kwa ajili ya kazi yake, lakini huachia ipite ile iliyo mwishoni mwa wekundu, ambayo jicho letu haliioni vizuri. Kwa hiyo mbegu iliyoanguka chini ya majani ya mimea mingine hupata nuru iliyokwisha kuliwa. Fenner aliona kwamba kivuli cha namna hiyo huzuia mbegu za kishona nguo zisiote. Tena aliona jambo la pili, ambalo kwetu ni la ajabu kuliko la kwanza: mbegu iliyokuwa tayari kuota hata gizani, ikikaa siku kadhaa chini ya kivuli cha majani, hubadilika. Baada ya hapo ukiiweka gizani hukataa. Imekuwa mbegu inayodai nuru.

Tufikiri maana yake katika shamba la mama huyu. Mbegu huanguka chini ya mama yake, katikati ya majani ya wenzake; hupata kivuli, hujifunza kungoja. Mvua huleta udongo juu yake, au mguu wa mbuzi huikanyaga ndani. Sasa iko gizani, nayo inadai nuru, basi hulala. Hulala msimu huu na msimu ujao. Siku moja jembe huigeuza na kuitupa juu, jua huipiga, na mvua ya jioni huiamsha. Jembe lile lile lililoangamiza kishona nguo kimoja limewaita ndugu zake kumi waje.

Mama alikuwa akisikiliza. "Mnaniambia kwamba mimi ndiye ninayeyapanda?"

"Si wewe, mama, ni jembe," mwalimu alijibu kwa haraka, maana aliona hatari.

"Jembe halitembei peke yake, baba."

Hatukuwa na la kumjibu. Lakini ni kweli vilevile kwamba pasipo jembe hakuna maharagi, na mtu asichukue maneno yetu kuwa ni shauri la kukaa nyumbani.

Tulipofika ukingoni mwalimu alivunja kichwa kimoja kikavu, akakikung'uta juu ya karatasi nyeupe. Hapo ndipo wanafunzi walipopiga kelele, kwa kuwa walikuwa wameviona vijiti hivi maisha yao yote wala hawakuwahi kuvitazama. Mbegu hazikuwa za namna moja. Zile za katikati ya kichwa zilikuwa ndefu, nyeusi na nyembamba, zenye meno yaliyonyoka. Na katika kila jino mlikuwa na vimiiba vidogo vilivyoelekea nyuma kama ndoana, kiasi kwamba kuingia katika nguo ni rahisi na kutoka ni shida. Zile za pembeni zilikuwa chache, fupi, nene kidogo, zenye rangi ya kutu na ngozi ya kukwaruza. Mama mmoja, kichwa kimoja, watoto wa namna mbili.

Watoto hawa wawili hawana tabia moja. Wataalamu Forsyth na Brown, walioandika juu yao mwaka 1982, walionyesha kwamba ile ndefu huota upesi na haichagui sana mahali. Ile fupi ni nzito kuamka: ngozi yake huizuia, nayo hutaka hali nyingi zikubaliane kabla haijakubali kuchipua. Na kwa kuwa ile ndefu ndiyo yenye meno mazuri, ndiyo inayosafiri. Ile fupi huanguka karibu na shina la mama yake na kubaki nyumbani. Basi mmea huu umejiwekea akiba kwa njia mbili. Nchi mpya ikipatikana, ile ndefu imekwisha kufika. Nchi ya zamani ikikauka, ikichomwa au ikipaliliwa kwa bidii, ile fupi bado iko udongoni, haijasema neno.

Hesabu nayo si ndogo. Mmea mmoja ulioshiba huweza kutoa mbegu 3,000 hata 6,000, na toka kuota mpaka kuzaa huhitaji miezi miwili au mitatu tu. Kwa hiyo mtu aliyeacha mmea mmoja uzae kwa sababu ya uvivu wa dakika moja amejipa kazi ya miaka kadhaa. Tunasema uvivu, lakini tutaona kwamba si uvivu siku zote.

Wakati tulipokuwa tukiinama juu ya karatasi, mwanafunzi mmoja aliyekuwa akichezea kisu alijikata kidole. Damu ilitoka nyingi kuliko kidonda chenyewe. Mama mkongwe, mama mkwe wa yule mjane, alikuwa ameketi chini ya mgomba akichambua maharagi ya mbegu. Hakusema neno. Alinyoosha mkono, akachuma majani machanga ya kishona nguo, akayasugua kwa viganja mpaka yakatoa maji ya kijani, akayakamua juu ya kidole cha kijana na kukifunga kwa jani la ndizi. Kitambo kidogo damu ilikoma.

"Ninyi mnayaita magugu," alisema. "Sisi tuliyaita hivyo tulipokuwa na shamba. Tulipokuwa na kidonda tuliyaita jina lingine."

Katika Rwanda na Kivu watu wengi hutumia majani haya kwa vidonda vibichi, na si ndoto ya wazee tu. Ndani yake mna vitu ambavyo katika maabara vimeonekana kuzuia vijidudu kadhaa, hasa vikipigwa na nuru. Majani machanga huliwa kama mboga katika nchi nyingi za Afrika, nyuki hupenda maua yake, na hapa Kivu watoto huyachumia sungura na kobayi. Wengine wamejaribu maji yake kwa panya wenye malaria au ugonjwa wa sukari, wakaona dalili za kutia moyo. Lakini panya si mtoto wako. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya apimwe damu, wala asingojeshwe siku tatu kwa kikombe cha majani.

Mwalimu, kwa heshima yote, alimwomba mama mkongwe ruhusa ya kufungua kidole na kukiosha kwa sabuni na maji yaliyochemshwa, ambayo tulikuwa nayo katika chupa. Mama hakufurahi. "Mwanangu, wewe uliumia mara ngapi ulipokuwa mdogo, na ni nani aliyekuponya?" Mwalimu alikiri kwamba ni bibi yake, na kwa majani yayo hayo. Lakini alieleza kwamba majani yanayokua karibu na udongo hubeba udongo, na udongo hubeba pepopunda. Kwamba kijana huyu apaswa kuulizwa kama amepata chanjo yake. Na kwamba jambo moja halifai kabisa, nalo ni kuweka majani yoyote juu ya kitovu cha mtoto mchanga. Hapo mama mkongwe alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu kwamba mtoto wake wa pili alikufa siku ya nane, akiwa amekaza taya. Hakuna aliyeongeza neno. Kijana alioshwa kidole chake, nasi tukarudi Bukavu kabla ya mvua.

Shuleni wanafunzi walitandaza mbegu katika sahani mbili juu ya vitambaa vilivyoloa, ndefu huku na fupi huku, wakaziweka dirishani. Haukupita muda, zile ndefu zilianza kutoa vimizizi vyeupe, nyingine leo, nyingine kesho, mpaka sahani ikafanana na ndevu za mzee. Zile fupi zililala. Wanafunzi walizimwagia maji kila asubuhi, wengine wakakata tamaa, na mmoja akashauri zitupwe kwa kuwa zimekufa. Mwalimu alikataa. Katika majuma yaliyofuata moja iliota, baadaye nyingine mbili, kwa siku ambazo hakuna aliyeweza kuzibashiri.

Katikati ya Novemba tulirudi Katana. Shamba lilikuwa limegawanyika kama nguo ya vipande viwili. Nusu ya juu, maharagi yalikuwa yamefunika udongo wote kwa majani yake, yenye maganda mengi, na chini ya kivuli chao hapakuwa na magugu ya kusimulia. Nusu ya chini, kishona nguo kilikuwa kimepita maharagi kwa urefu na kilikuwa katika maua. Mama alitueleza bila kujitetea. Alikuwa amepalilia shamba zima mara moja, katika juma la tatu. Kisha akaanza tena toka juu, na alipofika katikati mtoto wake mdogo akapata malaria. Akakaa naye kituo cha afya siku sita. Maharagi huumizwa zaidi na magugu katika majuma yake ya kwanza, toka la pili hata la tano au la sita hivi. Siku zile sita ziliangukia papo hapo.

Sasa likaja swali ambalo vitabu vya kilimo havipendi kuliuliza. Kwa mavuno ya mwaka ule, nusu ya chini ilikuwa imekwisha kupoteza ilichopoteza. Kung'oa magugu mwezi wa Novemba hakungeongeza hata kikombe kimoja cha maharagi katika kapu la mama. Lakini maua yale yangekuwa mbegu kabla ya Krismasi, maelfu kwa maelfu, ndefu za kusafiri na fupi za kulala. Na Januari shamba lingerudi kwa mwenyewe, likapewa mtu mwingine.

"Nikiyang'oa," mama alisema, "ninamng'olea nani? Sijui hata jina lake. Siku mbili za kuyang'oa ni siku mbili ambazo naweza kubeba ndizi sokoni na kununua chumvi."

Hatukuona haya yoyote katika maneno yake, na twasema wazi kwamba mwenye kustahili kulaumiwa hapa si mama. Mtu akipewa udongo kwa miezi minne, ni vigumu kumdai aufikirie kwa miaka minne. Tungependa wenye mashamba wasomao ukurasa huu wazipime hesabu zao: bwasa ya misimu kadhaa kwa mtu mmoja huenda ingewaletea shamba safi zaidi kuliko wapangaji wanne waliofuatana kwa haraka.

Mwalimu hakumhubiri. Alivua koti, akalitundika juu ya mgomba. Wanafunzi walitazamana, maana walikuwa wamevaa nguo za shule, kisha wakavua viatu. Siku ile mimea ilikuwa bado michanga katika maua na udongo ulikuwa laini, kwa hiyo iling'oka na mizizi yake. Watoto wa mama walibeba mafungu kuwapelekea kobayi. Iliyobaki tuliilundika mbali na ukingo, ili ioze pamoja. Vichwa vichache vilivyokuwa vimeanza kukauka tulivikata kwanza na kuvitia katika mfuko, vikaenda motoni. Hatukumaliza. Jua lilipoinama palibaki kona moja kubwa, na kando ya njia ya miguu, ambako si shamba la mtu, mimea mikavu ya zamani ilikuwa ikingoja mpita njia.

Wakati wa kurudi tulifika Miti, tukaiacha barabara ya ziwa, tukapanda hata Tshivanga, kwenye mlango wa hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyowekwa mwaka 1970. Wanafunzi walidhani tunakwenda kuwatafuta sokwe wakubwa, wakasikitika kidogo walipoambiwa watazame ukingo wa barabara. Mahali pote palipochimbwa, palipokanyagwa, palipofyekwa, kishona nguo kilikuwapo, kimekwisha kukomaa, nacho kilitushona suruali zetu kwa ukarimu. Kisha miti mikubwa ilianza, na katika hatua chache tu kilikoma. Mwanafunzi mmoja aliingia chini ya miti kadiri alivyoruhusiwa, akafukua majani yaliyooza, akatoka akisema, "Hapana hata kimoja, mwalimu." Mtu aliyemjibu hakuwa mwalimu bali mwenzake, yule aliyekuwa ameuliza swali la kwanza darasani: "Nuru imeliwa."

Mle ndani ya msitu hakuna mtu apaliliaye. Hata hivyo mti ukianguka na kufungua tundu, au mtu akikata na kuchoma, magugu ya kando ya njia huwa ya kwanza kubisha hodi, kwa kuwa nguo zetu zimeyafikisha karibu. Jioni ile, katika baraza ya shule, mwalimu hakumruhusu mtu kuingia ndani kabla hajasafishwa. Tulizing'oa mbegu zote juu ya gazeti na kuzitenga. Zilikuwa karibu zote ndefu. Fupi tulizipata mbili, labda tatu.

Mwezi wa Machi wa mwaka 2019, msimu wa pili wa kupanda, tulipita tena Katana. Katika lile shamba tulimkuta kijana tusiyemfahamu akilima na mkewe. Vichipukizi vya kishona nguo vilikuwapo juu na chini, maana akiba ya miaka mingi haiishi kwa alasiri moja. Kwenye ile kona tuliyoiacha vilikuwa vinene kama zulia. Tulimsalimu, tukamwuliza habari za mama. Alituonyesha kwa mkono: alikuwa amepata bwasa nyingine, juu zaidi, karibu na mikalitusi.

Tulipanda. Alikuwa peke yake, ameinama, mgongo ukielekea ziwa. Maharagi yake yalikuwa yametoa majani manne, na kati ya mistari udongo haukuonekana kwa wingi wa vishona nguo, mbegu zilizoachwa na mtu mwingine aliyehama kabla yake.

"Jambo, mama."

Hakuinuka mara moja. Alimaliza mstari wake, akajipangusa uso kwa ncha ya kikwembe, akatuhesabu kwa macho, mwalimu na wanafunzi na sisi wa nyuma.

"Jambo, wanangu. Leo mmeleta maneno au mmeleta mikono?"

Tuliweka mifuko chini ya mkalitusi.